Safari za treni za siku moja kutoka Berlin: nina bi mkubwa na mama mdogo, tuende wapi?

Mndewa_wa_Neukölln

Wakuu heshima kwenu, shikamooni mnaostahili.

Nipo Berlin nasoma. Mwisho wa mwezi wa tano bi mkubwa anakuja kunitembelea, anakuja na mdogo wake, wanatokea Moshi na wote hii ni mara ya kwanza kupanda ndege. Watakaa wiki tatu. Sasa Berlin yenyewe nishapanga, lile geti la Brandenburg, mabaki ya ukuta, na yule dinosaria wa kwetu aliyechimbwa Tendaguru kule Lindi lazima wakamwone pale Museum für Naturkunde, hilo halina mjadala. Ninachotaka ni zile safari za kutoka asubuhi na treni na kurudi jioni kulala nyumbani, maana hoteli kwa watu watatu sitaziweza.

Changamoto ni hizi: bi mkubwa goti linamsumbua, kutembea anatembea ila ngazi nyingi hapana. Mama mdogo ni mtu wa kwaya KKKT, anapenda makanisa na anapenda kuongea na watu, lugha kwake sio kikwazo, ataongea Kiswahili hivyo hivyo na mtu atamwelewa. Mimi mwenyewe nina Deutschlandticket ya chuo (tiketi ya treni za mkoa na za mjini nchi nzima), wao hawana kitu. Nimeingia intaneti nimekuta orodha za sehemu ishirini ishirini, kila moja inasema usikose, nimechoka. Nyie mnaoishi huku mngewapeleka wapi wazazi wenu?

---

dada_wa_Wedding

Karibu mdogo wangu, na wazazi wakaribie sana, mwisho wa mwezi wa tano umepatia maana jua linazama kwenye saa tatu na robo usiku, siku inakuwa ndefu mpaka unasahau kula.

Nianze na treni kabla ya sehemu, kwa sababu watu wengi wanachagua mji kwanza halafu wanakuja kushangaa safari. Kwa wazazi wewe chagua sehemu ambazo treni ni MOJA moja kwa moja, chini ya saa moja na nusu, na iwe RE (treni ya mkoa) sio S-Bahn (treni ya mjini) pale inapowezekana. Kwanini? S-Bahn haina choo. Hakuna kabisa. RE ina choo, na choo cha stesheni kubwa unalipia kama euro moja, kwa hiyo tembea na sarafu mfukoni. Na kwenye RE zile behewa za ghorofa usiwapandishe juu kwa ajili ya mandhari, kaeni chini karibu na mlango, goti litakushukuru.

Ya kwanza Potsdam, hii ni lazima na ni rahisi. RE1 kutoka Hauptbahnhof (stesheni kuu) kama dakika 25 umefika, iko ndani ya zoni C ya tiketi za mjini. Ila sasa wageni wote wanafanya kitu kimoja, wanaingia bustani ya Sanssouci kwa chini halafu wanaanza kupanda zile ngazi za matuta ya mizabibu kwenda kwenye kasri. Wewe usifanye hivyo. Ukitoka Potsdam Hauptbahnhof panda basi 695, shuka kituo cha Schloss Sanssouci, hapo umeshafika juu tayari, kasri liko mbele yako na kinu cha upepo pembeni, wazazi wanaangalia matuta kutokea juu kama wafalme. Bustani ni bure. Ndani ya kasri ni kwa tiketi yenye saa maalum na Jumatatu wanafunga, kwa hiyo Jumatatu usiende. Waonyeshe na kaburi la Friedrich, mfalme aliyelijenga hilo kasri 1745 mpaka 1747, amezikwa hapo hapo pembeni jirani na mbwa wake, na juu ya jiwe la kaburi utakuta watu wameweka viazi ulaya! Yeye ndiye aliyewasukuma wakulima wa Prussia walime viazi, basi mpaka leo wageni wanamletea. Mama yangu alivyoviona aliuliza kama kuna mtu anakuja kuvichukua jioni akapike.

Ya pili, na hii kwangu ndiyo namba moja, Spreewald. Panda RE2 au RE7 mpaka Lübbenau, kama saa moja. Kutoka stesheni mpaka bandari ya mitumbwi ni robo saa kwa mwendo wa mama, tambarare. Halafu hapo hamna kutembea tena! Mnakaa kwenye mtumbwi mrefu wa bapa, una mabenchi na meza ndogo, nahodha anasimama nyuma anasukuma kwa upondo, hamna injini, hamna kelele, mnapita kwenye mifereji katikati ya miti na nyumba za watu. Bandari kubwa mtumbwi hauondoki kwa saa, unasubiri ujae kama Noah za Moshi kwenda Marangu, kwa hiyo usihangaike na buking kama ni katikati ya wiki. Chukueni ya masaa mawili au matatu inayosimama kijiji cha Lehde, zamani huko kila kitu kilikwenda kwa mtumbwi na mpaka leo kipindi cha kiangazi posta wanapeleka barua kwa mtumbwi. Njiani wanauza achari ya matango, ndiyo sifa ya huko, yapo ya bizari, ya haradali, ya chumvi tupu. Onjeni kabla ya kununua maana ya chumvi sio ya kila mtu.

Kitu kingine mama mdogo atakipenda, vibao vya huko vina lugha mbili, Kijerumani na cha Wasorbi, ni kabila dogo la Kislavi lililokuwepo huko tangu kabla ya Wajerumani na bado wana lugha na mavazi yao. Kwa watu waliozoea kwamba kila mlima una lugha yake hiyo stori inaeleweka haraka sana.

Ya tatu wengine watakuambia, nimechoka kutaip.

---

mwendokasi_88

Dada wa Wedding umeeleza fresh, ila jamani mnamnyima kijana Dresden. Yaani mtu atoke Moshi mpaka Ujerumani asione Dresden? Treni ya EC (ya masafa marefu) masaa mawili hivi uko pale, kanisa la Frauenkirche lilibomoka kwenye mabomu ya Februari 1945 likabaki kifusi miaka yote ya ukomunisti, wakalijenga upya wakalifungua 2005, ukiangalia ukutani unaona mawe meusi ya zamani yamechanganyika na meupe mapya. Halafu mkitoka hapo mnachukua S-Bahn dakika arobaini hivi mpaka Rathen, mnavuka mto Elbe na pantoni, mnapanda Bastei kwenye yale majabali na daraja la mawe. Picha za hapo utaweka wasifu mwaka mzima.

---

dada_wa_Wedding

@mwendokasi_88 umesoma neno goti kweli? Bastei ni kupanda ngazi na mteremko mpaka karibu mita 200 juu ya mto, wewe unampeleka mtu mwenye goti akapige picha ya wasifu.

Dresden yenyewe nakubali ni nzuri. Ila kwa tiketi za mkoa ni kubadilisha Elsterwerda na karibu masaa matatu kwenda, matatu kurudi. Kwa EC inabidi ununue tiketi ya peke yake, Deutschlandticket haikubaliki kwenye treni za masafa marefu, ICE, IC wala EC. Kama ana hela anunue mapema zile za bei ya chini, ila zile zinakufunga na treni moja tu, ukiikosa kwa uzembe wako imeenda.

---

mwendokasi_88

😂😂 haya dada, goti limeshinda. Dresden bila Bastei basi.

---

Mvita_Hamburg

Asalaam aleikum jamaa. Mie niko Hamburg lakini Berlin nimekaa, na wazee wangu kutoka Mombasa nimewazungusha huko, kwa hivyo nitie neno.

Watu watakuambia upeleke wazee pwani, Warnemünde. Ni kweli mchanga ni mweupe na mpana, na kuna vile viti vya kusuka vyenye paa mtu akikaa upepo haumpigi. Lakini RE5 hadi Rostock ni zaidi ya masaa mawili na nusu, kisha S-Bahn dakika ishirini tena, na mwisho wa mwezi wa tano bahari ile ni baridi wallahi. Mamangu alitia kidole cha mguu akakitoa. Ukitoka Moshi labda bahari yoyote ni bahari, sijui.

Ile ya pili iliyonichekesha: njia hiyo hiyo ya kwenda Lübbenau kuna stesheni inaitwa Brand Tropical Islands. Wamechukua banda kubwa lililojengwa kwa ajili ya kuundia meli za angani, mita 360 urefu na mita 107 kwenda juu, kampuni ikafilisika, sasa ndani wametia mchanga, maji ya moto, na minazi. Watu wanalipa hela nyingi kuingia kukaa chini ya mnazi! Ukiwa na watoto wakati wa baridi sawa. Kwa wazee kutoka kwetu, hapana, watakutukana.

La chakula: kwenye ile mitumbwi ya Spreewald wanauza mkate uliopakwa mafuta, ulizeni kabla ya kula maana ni mafuta ya nguruwe. Kwenu nyinyi huenda si neno. Lakini kwa Mwislamu anayesoma hapa, bebeni vyenu kutoka Berlin, hata boti wanakuruhusu kula vyako mara nyingi, na Jumapili maduka yote yamefungwa isipokuwa ya stesheni kubwa. Mie hubeba chapati na mayai ya kuchemsha, thermos ya chai, safari imekamilika.

---

Mndewa_wa_Neukölln

Daah asanteni sana, Spreewald imeshapita, nimemwambia bi mkubwa kuhusu mtumbwi amesema kama hauna injini na unaona chini basi yuko tayari. Aisee mafuta ya nguruwe kwa mama mdogo hayana shida kabisa, hapo atahitaji kuzuiwa.

Tiketi zao nifanyeje? Na makanisa?

---

Mlutheri_Mkavu

Makanisa ndio eneo langu. Peleka Wittenberg, mji wa Martin Luther aliyeanzisha Ulutheri, jina kamili kwenye apu ni Lutherstadt Wittenberg. RE3 inafika bila kubadilisha, weka saa moja na nusu kwa ukarimu, ICE ni kama dakika 40 ila hiyo ni tiketi nyingine. Angalia ratiba vizuri usije ukapanda inayoishia njiani.

Mji ni mdogo na tambarare, barabara kuu ni moja, upande wa mashariki nyumba ya Luther, upande wa magharibi kanisa la kasri, Schlosskirche, katikati kanisa la mji la Mt. Maria alipokuwa anahubiri. Kwa mwendo wa pole na kukaa mgahawani ni siku nzima bila kuchoka. Waambie mapema kwamba mlango wenyewe wa kanisa la kasri, ule unaosemekana Luther alibandika hoja zake 95 za kulikosoa kanisa mwaka 1517, haupo, uliungua, uliopo sasa ni wa shaba nyeusi uliowekwa 1858 na hoja zote zimechorwa juu yake kwa Kilatini. Luther mwenyewe kaburi lake limo ndani ya kanisa, chini ya mimbari, unasimama kabisa pembeni yake. Ukitoka nje mwambie mama mdogo aangalie juu, mnara umezungushiwa maneno ya kwanza ya ule wimbo mkubwa wa Luther, herufi kubwa kubwa. Mtu wa kwaya hahitaji kutafsiriwa, ataanza kuimba hapo hapo na wewe utajifanya humjui.

Na kwa vile ni watu wa Moshi, wafikirie na Leipzig. Misheni ya Leipzig ndio ilipeleka wachungaji Kilimanjaro kuanzia 1893, makanisa mengi ya Kilutheri ya uchaggani mizizi yake ni hapo, jina Leipzig wazee wanalijua kuliko Berlin. ICE ni saa moja na robo hivi. Kwa treni za mkoa hamna ya moja kwa moja, kwa hiyo nunua ICE mapema za bei ya chini. Pale kanisa la Thomaskirche mtunzi wa muziki Bach aliongoza muziki tangu 1723 mpaka alipofariki 1750, kaburi lake liko mbele karibu na altare, na stesheni iko karibu na mji mkongwe, hakuna haja ya teksi.

Ningechagua moja kati ya hizo mbili kwa safari hii. Ukinilazimisha, Leipzig kama hela ipo, Wittenberg kama hela haipo.

---

konda_mstaafu

Swala la tiketi nalijibu mimi.

Wazee wawili kwa safari za ndani ya Brandenburg (jimbo linaloizunguka Berlin) unachukua Brandenburg-Berlin-Ticket, inabeba mpaka watu watano kwa bei ile ile ya thelathini na kitu. Katikati ya wiki inaanza saa 3 asubuhi, wikiendi na sikukuu tangu usiku wa manane, inaisha saa 9 usiku wa siku inayofuata. Andika jina juu yake. Na kwa sababu inabeba watano, alika watu wengine mchangiane, Watanzania Berlin hawakosekani. Kwa Potsdam peke yake hiyo ni kubwa mno, chukua ya masaa 24 ya zoni ABC inatosha.

Wittenberg iko jimbo jingine, Sachsen-Anhalt, kwa hiyo usinunue kwa kukisia. Tafuta safari nzima kwenye apu na uone tiketi gani inaletwa.

Chaguo lingine ni kuwakatia na wao Deutschlandticket, tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, mgeni pia anaruhusiwa kununua. Ila ni ya kujiunga, inajirudia yenyewe kila mwezi, usipoikatisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo unalipia na unaofuata wazazi wakiwa wameshafika Moshi wanahadithia. Wakifika tarehe za mwisho wa Mei usinunue ya Mei, anza na ya Juni, na hizo siku chache za kwanza pumzikeni tu.

Tiketi za karatasi za mjini zipigwe muhuri kwenye kile kiboksi cha jukwaani kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine wanavaa kiraia, faini ni euro 60 kwa kila mtu, na "nilikuwa sijui" hawaijui hiyo lugha.

---

msomaji_kimya

Huwa nasoma tu lakini leo nimeona hakuna aliyetaja Oranienburg.

RE5 kutoka Hauptbahnhof chini ya nusu saa, au S1 polepole zaidi. Kuanzia hapo mpaka Sachsenhausen, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi, ni kama kilomita mbili, kuna basi 804 ila haliji mara kwa mara. Kuingia ni bure. Kambi ilijengwa 1936, na mpaka 1945 zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo.

Mtu wetu mmoja alifia pale. Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe akaingizwa jeshini akiwa bado mtoto kwenye vita ya kwanza. 1929 akaja Berlin, alikuwa anadai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, akapata vipande vidogo vidogo kwenye filamu, na chuo kikuu hapa hapa Berlin akawa anafundisha Kiswahili. Hicho hicho tunachoandikia hapa. 1941 Gestapo (polisi wa siri wa Wanazi) wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke mzungu, hakufikishwa mahakamani, akapelekwa Sachsenhausen na akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Sisemi uwapeleke wazazi. Uwanja ni mkubwa, kokoto, jua hamna pa kujificha, na sio mahali pa kila mgeni aliyekuja kupumzika. Lakini kama mama zako ni watu wa kutaka kujua, waulize wenyewe, usiwaamulie. Na kama goti halitaki, kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake limepachikwa njiani mbele ya Brunnenstraße 193, liliwekwa 2007, shuka U8 Rosenthaler Platz ni hatua chache. Liko chini kwenye vigae, ni dogo kama kiganja, ukipita haraka hulioni.

---

Mvita_Hamburg

@msomaji_kimya Mungu amrehemu. Miaka yote nimepita Rosenthaler Platz sikujua.

---

Mndewa_wa_Neukölln

Wakuu sikutegemea majibu ya hivi. Nimempigia bi mkubwa nikamsomea ile ya Husen, kanyamaza, halafu kasema tutakwenda kwenye jiwe kwanza, kambi tutaona huko huko. Sawa.

Kwa hiyo mpango: Potsdam siku isiyo Jumatatu kwa basi la 695, Spreewald katikati ya wiki, Leipzig badala ya Wittenberg maana mama mdogo nilivyomtajia Leipzig tu alianza kunitajia wachungaji wa zamani wa kijijini mmoja mmoja. ICE nimeshaiwekea alama, nanunua leo usiku.

Swali la mwisho, jirani yangu Mpolandi anasema Szczecin iko kwao na treni inakwenda kutoka Berlin masaa mawili tu. Wazazi wana viza ya Schengen ya Ujerumani, wataweza?

---

konda_mstaafu

Viza ya kawaida ya Schengen inafaa Poland, ila angalia iwe haijaandikwa nchi moja tu, na kama ni ya kuingia mara moja haina neno kwa sababu hamtoki Schengen. Pasipoti HALISI iwe mkononi, sio picha ya kwenye simu, siku hizi kuna ukaguzi kwenye mpaka huo kwa pande zote mbili na wewe usisahau kadi yako ya ukaazi. Ile Brandenburg-Berlin-Ticket inafika mpaka Szczecin, lakini Deutschlandticket yako inaishia upande wa Ujerumani, kwa hiyo siku hiyo ingia na wewe kwenye tiketi ya kikundi, si mko watatu tu.

---

dada_wa_Wedding

Na jioni kabla ya kila safari fungua apu uangalie tena treni yako, kipindi hicho reli zinatengenezwa kila kona na treni inageuka basi bila kukuaga. Wakifika utuambie, nina maharage ya Mbeya kwenye friza na sijapata wa kula nao.